Mistari miwili isiyo pacha: sigma na pi ndani ya molekuli

Tuanze na hesabu ya dukani. Kukata kifungo kimoja cha kaboni kwa kaboni, ule mstari mmoja unaochorwa katikati ya ethani (gesi ya kaboni mbili na hidrojeni sita), kunadai nishati ya takriban kilojuli 347 kwa kila moli, kipimo cha wakemia cha kuhesabia molekuli. Etheni, gesi nyingine ya kaboni mbili, ina mistari miwili mahali palepale. Yeyote aliyewahi kutumwa sukari anajua jibu linalotarajiwa: kilo mbili, bei mara mbili, yaani 694. Vipimo vya maabara vinasema 614. Ethaini yenye mistari mitatu ingepaswa kufika 1,041, nayo inaishia 839. Kwa maneno mengine, mstari wa kwanza una thamani ya 347, wa pili umeongeza 267, na wa tatu 225 tu. Katika etheni peke yake kuna kilojuli 80 zisizoonekana. Ziweke akiba, zitatufaa mbele.

Kinachotupotosha ni chaki. Mwalimu anachora mistari miwili sambamba, urefu sawa, unene sawa, na jicho linaamini kwamba ni ndugu pacha. Mstari huo ni urithi wa Gilbert Lewis, Mmarekani ambaye mwaka 1916 alieleza kwamba atomi mbili hushikana kwa kuchangia elektroni mbili. Alikuwa sahihi. Kila mstari ni elektroni mbili zinazomilikiwa kwa ubia. Ila mstari hausemi elektroni hizo zinakaa wapi, na kila kitu kinachohusu sigma na pi, majina ya aina mbili za vifungo, ni suala la makazi hayo.

Shuleni nilikariri kwamba "wa kwanza ni sigma, wa pili na wa tatu ni pi, sigma ana nguvu, pi ni dhaifu", nikapata alama zangu, nikaendelea na maisha. Sehemu ya kwanza ya wimbo huo ni kweli. Ya pili ni kweli nusu.

Elektroni haizunguki kiini cha atomi kama gari la mashindano linavyozunguka uwanja. Kinachojulikana ni eneo ambamo ina uwezekano mkubwa wa kupatikana, na eneo hilo linaitwa obitali. Obitali ya aina ya s ina umbo la chungwa, na kiini kipo katikati. Ya aina ya p ni kama maputo mawili yaliyofungwa mdomo kwa mdomo, kiini kikiwa penye fundo. Kila atomi ya kaboni ina obitali tatu za p katika tabaka lake la nje, nazo zimekaa kama pale kwenye kona ya chumba kuta mbili zinapokutana na sakafu: kila moja imeelekea upande wake, na zote zinapishana kwa nyuzi 90.

Jambo moja la kuongeza hapa, kwa sababu likirukwa yanayofuata hayashiki. Elektroni ina tabia ya wimbi. Puto moja la obitali ya p ni kama kilele cha wimbi, na lenzake ni kama bonde la wimbi. Vitabu huweka alama za kujumlisha na kutoa, na wanafunzi wengi hudhani ni chaji za umeme. Siyo. Ni habari ya wimbi tu: kilele kikikutana na kilele, wimbi linakua na elektroni zinajazana hapo, kilele kikikutana na bonde, wimbi linafutika na elektroni zinapahama.

Sasa sogeza atomi mbili za hidrojeni karibu. Machungwa mawili yanaingiliana kidogo, elektroni zinajazana katikati ya viini viwili, na kila kiini, chenye chaji chanya, kinavutwa kuelekea lile wingu hasi lililo kati yao. Hicho ndicho kifungo. Walter Heitler na Fritz London walikipigia hesabu ya kwanza kwa kanuni za kwanta, fizikia ya chembe ndogo, mwaka 1927. Viini vinatulia umbali wa pikomita 74 (pikomita ni sehemu moja ya bilioni ya milimita), na kuvitenganisha kunataka kilojuli 436 kwa moli.

Kifungo cha namna hii, ambacho wingu lake limelala juu ya mstari ulionyooka kutoka kiini hadi kiini, ndicho sigma. Atomi zimekutana uso kwa uso. Si lazima ziwe s na s. Katika molekuli ya klorini, obitali mbili za p zinaelekeana ncha kwa ncha, na hiyo pia ni sigma. Katika hidrojeni kloridi ni s kwa p, sigma vilevile. Herufi ya Kigiriki inawachanganya watu hapa. Sigma haimaanishi kwamba obitali ya s imetumika. Ukikitazama kifungo hicho kwa jicho moja, kama fundi anavyokagua ubao kama umenyooka, utaona duara, sawa na obitali ya s. Kifungo cha pi ukikitazama hivyo utaona vipande viwili, sawa na p. Ndiyo maana ya majina, basi.

Pi ni habari ya ubavu kwa ubavu. Obitali mbili za p zimesimama wima kama nguzo mbili za uzio, kila moja kwenye atomi yake. Ncha zao hazielekeani. Zinagusana kwa mbavu, juu na chini. Juu, kilele kimeungana na kilele. Chini, bonde limeungana na bonde. Kwenye ule mstari wenyewe wa kiini hadi kiini hakuna kitu, kwa kuwa hapo ndipo penye fundo la maputo. Mahali sigma ilipojenga nyumba yake, pi ina kiwanja kitupu.

Picha inayonisaidia mimi ni ya mshikaki uliofungwa ndani ya mkate. Kijiti kilichopita katikati ni sigma. Mkate wa juu na mkate wa chini ni pi. Na hapa pana mtego ambao umewaangusha wengi kwenye mitihani: mkate wa juu na wa chini si vifungo viwili. Ni kifungo kimoja chenye vipande viwili, na elektroni zake ni mbili tu kwa jumla, zinazopatikana huku na huko. Ukisema etheni ina sigma moja na pi mbili kati ya kaboni zake kwa sababu umeona mawingu mawili kwenye mchoro, umehesabu mkate kwa vipande.

Kugusana kwa mbavu si sawa na kukutana uso kwa uso. Mwingiliano ni mdogo, na elektroni ziko mbali zaidi na viini vyote viwili, kwa hiyo mvuto ni hafifu. Hapo ndipo 267 inapokuwa ndogo kuliko 347. Hata hivyo pi inachangia kuvuta. Umbali kati ya kaboni mbili ni pikomita 154 penye mstari mmoja, 134 penye miwili, na 120 penye mitatu.

Kaboni inapataje hiyo obitali ya p ya kusimamisha wima? Mwaka 1931 Linus Pauling alipendekeza hesabu ambayo bado inafundishwa: chukua obitali ya s na baadhi ya za p, zichanganye, upate obitali za mseto zenye umbo na mwelekeo mpya. Katika etheni kila kaboni inachanganya s moja na p mbili. Zinatoka obitali mseto tatu zilizotandazwa juu ya meza, zikiachana kwa karibu nyuzi 120. Hizo zinajenga mifupa ya molekuli: vifungo vinne vya kaboni na hidrojeni, kimoja cha kaboni na kaboni, vyote sigma. P ya tatu haikuchanganywa. Inabaki imesimama juu ya meza na chini yake, inagusana na mwenzake wa kaboni ya pili, na pi inazaliwa. Jumla sigma 5, pi 1. Katika ethaini kila kaboni inachanganya s na p moja tu, kwa hiyo mifupa inanyooka kama rula, na p mbili zinabaki kwa kila kaboni. Pi mbili zinazojengeka hapo zinaizunguka sigma kama ala inavyozunguka upanga.

(Ningependa walimu waseme wazi kwamba mseto huo ni njia yetu ya kupiga hesabu. Atomi ya kaboni haikai kitako ikaamua leo ichanganye ngapi.)

Kwa hiyo mstari wa kwanza ni mfupa na wa pili ni nyama ya nje. Zaidi ya nguvu, tofauti kubwa ni kwamba elektroni za pi ziko wazi. Zimekaa nje, juu na chini ya mifupa, mahali ambapo mgeni yeyote mwenye njaa ya elektroni anaweza kuzifikia. Tikisa etheni ndani ya maji ya bromini yenye rangi ya hudhurungi na rangi inatoweka, kwa kuwa bromini imezifuata elektroni za pi na kujishikiza. Fanya hivyo kwa ethani ukiwa mbali na jua na maji yanabaki na rangi yake.

Ndizi mbichi pia zinazijua elektroni hizo. Anayevundika ndizi kwa kuzifunika pamoja na iliyoiva, au kwa kuzitia moshi shimoni, anazipa etheni. Tunda linaloiva huitoa, na moshi unayo. Ndani ya seli za ndizi kuna protini inayoipokea gesi hiyo kwa kutumia atomi ya shaba yenye chaji, na shaba inashikamana na lile wingu la pi. Ethani haina wingu hilo, hivyo haina la kuiambia ndizi.

Zile kilojuli 80 sasa. Machi 1933, katika maabara ya kampuni ya ICI huko Northwich, Uingereza, Reginald Gibson na Eric Fawcett walikandamiza etheni kwa shinikizo kubwa pamoja na kemikali nyingine, wakakuta chomboni kitu cheupe kama nta. Ilikuwa polithini. Kilichotokea ni kwamba pi za molekuli nyingi za etheni zilifunguka, na elektroni zilizoachiliwa zikajenga sigma kati ya molekuli moja na jirani yake, mpaka ukatokea mnyororo mrefu. Piga hesabu: kila etheni imetoa kifungo cha 614, ikapata sigma mbili za 347, yaani 694. Faida ni 80. Nishati ile haikupotea kamwe. Ilikuwa ni tofauti kati ya kushikana ubavuni na kushikana uso kwa uso, na etheni inailipa kama joto inapogeuka plastiki. Kipimo halisi kiko juu kidogo ya 80, kwa kuwa 347 na 614 ni wastani wa molekuli nyingi, lakini sura ya jambo ni hiyo.

Na ukishaelewa hivyo unaelewa tatizo la mifuko. Baada ya mnyororo kukamilika hakuna tena pi ya kushambuliwa. Kilichobaki ni sigma za kaboni na kaboni, na za kaboni na hidrojeni, zote zimejificha kwenye mifupa, na vijidudu vya udongoni havina pa kushika. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019. Sheria hizo, ukizitazama kwa jicho la mkemia, zinapambana na ukaidi wa sigma.

Tabia ya pili ya pi ni kukataa kuzungushwa. Kifungo cha sigma ni duara kuzunguka mhimili wake, kwa hiyo kaboni moja ikijizungusha, wingu halijali. Katika ethani kizuizi cha mzunguko ni kilojuli 12 hivi kwa moli, na molekuli huzunguka mfululizo katika joto la kawaida. Jaribu hilo kwa etheni. Ukizungusha kaboni moja kwa nyuzi 90, nguzo moja imesimama na nyingine imelala. Mbavu hazigusani tena, pi imevunjika. Kizuizi ni takriban kilojuli 270. Angalia namba hiyo, kisha rudi kwenye 267 tuliyoipata kwa kutoa tu. Njia mbili tofauti kabisa, na zinakutana.

Kwa kuwa haizunguki, molekuli yenye pi inaweza kuwa na sura mbili zisizobadilishana: vikundi vikubwa vya atomi upande mmoja wa kifungo, sura ya sisi, au pande tofauti, sura ya transi. Nenda jikoni ukaone maana yake. Asidi ya oleiki, iliyojaa kwenye mafuta ya zeituni, ina mnyororo wa kaboni 18 na pi moja katikati, katika sura ya sisi. Mnyororo unapinda hapo kama goti. Magoti hayapangiki vizuri kwenye kreti, hivyo asidi hiyo inayeyuka kwenye nyuzi joto 13 tu na inabaki kimiminika mezani. Chukua fomula ileile, atomi zilezile, lakini pi iwe ya transi: mnyororo unanyooka, unapangika, na kiwango cha kuyeyuka kinapanda hadi karibu 45. Ondoa pi hiyo kabisa kwa kuongeza hidrojeni na unapata asidi ya steariki, inayoyeyuka kwenye 69.

Nilirudia kuzisoma namba hizo mara mbili nilipokutana nazo kwa mara ya kwanza. Kifungo kimoja kati ya zaidi ya hamsini, na mafuta yanahama kutoka chupa kwenda kopo. Mafuta ya nazi, ambayo karibu hayana pi kati ya kaboni zake, huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi ingawa minyororo yake ni mifupi. Ndiyo maana chupa iliyonunuliwa Tanga ikiwa maji inaganda ikifika Njombe. Mafuta ya alizeti, ambayo minyororo yake mingi ina pi mbili, hayagandi hata Njombe.

Wilhelm Normann, Mjerumani, alipata hataza ya kugandisha mafuta ya maji kwa hidrojeni na nikeli mnamo 1902, na biashara ya mafuta ya kopo ikachanua. Kasoro ilijificha kwenye kazi isiyomalizika. Nikeli hufungua pi, na pale hidrojeni inapokosa kukamilisha, pi hujifunga tena, safari hii mara nyingi kwa sura ya transi. Mafuta hayo ya transi yalikuja kuhusishwa na magonjwa ya moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliyataka mataifa yayaondoe kwenye chakula cha viwandani ifikapo 2023.

Jicho lako linatumia hila hiyohiyo kwa heri. Nyuma ya jicho kuna retinali, inayotengenezwa kutokana na vitamini A, ikiwa imepinda kwa sababu ya pi moja ya sisi kwenye kaboni ya 11. Mwanga ukiipiga, elektroni moja ya pi inarushwa kwenye obitali ya juu ambamo haishiki tena kifungo. Kwa muda mfupi usiofikirika, pi imelegea, mnyororo unazunguka na kunyooka kuwa transi, na protini iliyoushikilia inasukumwa. Msukumo huo ndio mwanzo wa kuona. George Wald alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1967 kwa kazi ya kuufichua mkasa huu.

Tuhesabu kitu cha nyumbani sasa, maana mtihani lazima utauliza. Harufu ya karafuu inatoka hasa kwenye eujenoli, C10H12O2. Ina pete ya kaboni sita, na kwenye pete kuna vikundi viwili vyenye oksijeni pamoja na mkia wa kaboni tatu ambao ncha yake ina mistari miwili. Badala ya kuchora na kuhesabu kidole kwa kidole, fikiria ushanga. Kuunganisha atomi 24 kwa mstari mmojammoja kunahitaji viungo 23, na kila pete inayofungwa inaongeza kimoja. Pete ni moja, kwa hiyo sigma ni 24. Pi ni tatu za kwenye pete na moja ya mkiani, jumla 4. Kanuni hiyo, idadi ya atomi kutoa moja kujumlisha pete, haijawahi kunitupa kwa molekuli ya kawaida ya kaboni.

Hiyo pi ya mkiani ina hadithi. Ukichemsha eujenoli pamoja na alkali kali, pi inahama hatua moja kutoka ncha ya mkia kuja jirani na pete. Mifupa ya kaboni haijaguswa, fomula ni ileile, ila sasa jina ni isoeujenoli. Ukiikata molekuli kwa oksidisho mahali hasa penye pi hiyo mpya, kinachobaki kwenye pete ni vanilini, harufu ya vanila. Kwa miaka mingi viwanda vilitengeneza vanila kwa njia hii, kutokana na mafuta ya karafuu. Karafuu na vanila, viungo ambavyo hakuna mpishi wa Zanzibar angevichanganya kwa jina wala kwa pua, vinatenganishwa na hatua hizo mbili.

Kwa nini pi ikubali kuhamia karibu na pete? Kwa sababu pi hupenda majirani. Michael Faraday aliitenga benzini mwaka 1825, na August Kekulé akaichora mwaka 1865 kama pete ya kaboni sita yenye mstari mmoja na miwili kwa zamu. Kama mchoro huo ungekuwa halisi, pete ingekuwa na pande ndefu za 154 na fupi za 134. Vipimo vinasema pande zote sita zina urefu mmoja, takriban pikomita 139. Mwaka 1929 Kathleen Lonsdale, kwa kutumia eksirei, alionyesha kwamba pete ya namna hiyo ni bapa na pande zake zinalingana, na miaka miwili baadaye Erich Hückel akatoa maelezo ya elektroni zake. Nguzo sita za p zimesimama duara, na kila moja inagusa mbavu za jirani wa kulia na wa kushoto kwa usawa. Hakuna sababu ya kufungamana wawiliwawili. Elektroni sita za pi zinaenea kwenye mzunguko mzima, nazo zinaunda wingu lenye umbo la ngata, ile pete ya nguo au majani ambayo mwanamke huitia kichwani chini ya ndoo. Ngata moja juu ya pete ya kaboni, moja chini. Kuenea huko kunaipa molekuli utulivu, na ndiyo maana benzini, pamoja na pi zake tatu, haiondoi rangi ya maji ya bromini kama etheni.

Pi zikipangana kwenye mstari mrefu badala ya duara, matokeo ni rangi. Elektroni ya pi katika etheni inataka mwanga wa urujuanimno mkali ili irushwe juu. Jicho halioni kitu, gesi haina rangi. Ongeza pi nyingine kwa zamu na kiasi cha nishati kinachohitajika kinashuka. Beta-karotini ina pi 11 mfululizo, na inameza mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 450. Kinachoturudia machoni ni rangi ya chungwa. Iko kwenye karoti, viazi lishe, embe, na kwenye mawese ya Kigoma na Kongo yanayoacha doa lisilotoka kwenye kanga. Anayekaanga kwa mawese ameshaona: moto ukizidi, wekundu unafifia, mafuta yanageuka ya njano hafifu. Joto na oksijeni vimeukata ule mfululizo. Mafuta yenyewe yapo kwenye kikaango, vitamini yake ndiyo imekwenda na rangi.

Nilisema kwamba "pi ni dhaifu" ni kweli nusu, na deni hilo halijalipwa. Chukua nitrojeni. Kifungo kimoja cha nitrojeni kwa nitrojeni ni takriban kilojuli 160, mistari mitatu ni 945. Kila pi basi imeongeza zaidi ya 390, mara mbili na zaidi ya sigma! Kilichoharibu hesabu ni kwamba nitrojeni zilizoungana kwa mstari mmoja hubaki na jozi za elektroni zisizotumika, na jozi hizo hukorofishana zikikaa jirani. Katika gesi ya nitrojeni jozi hizo zimeelekea nje, kila moja upande wake, na ugomvi umekwisha. Ndiyo sababu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni na bado mahindi yana njaa nayo. Kiwandani, kuivunja kunadai kichocheo cha chuma na joto la nyuzi 400 hadi 500, tena chini ya shinikizo kubwa. Bakteria wa kwenye vinundu vya mizizi ya maharage wanaivunja katika baridi ya udongo, kwa gharama ya molekuli 16 za ATP, sarafu ya nishati ndani ya seli, kwa kila molekuli ya nitrojeni.

Oksijeni inaleta aibu nyingine. Tunaichora kwa mistari miwili, sigma na pi, elektroni zote zimepata wenza. Lakini oksijeni iliyopozwa ikawa kimiminika hunaswa kati ya ncha za sumaku kali, jambo linalohitaji elektroni zisizo na wenza. Zipo mbili, kwenye obitali za pi za upande wa pili, zile ambamo kilele hukutana na bonde na kifungo hudhoofishwa. Mistari ya Lewis haina namna ya kuzichora.

Pia si kila atomi inaweza kujenga pi nzuri. Silikoni iko chini ya kaboni moja kwa moja katika jedwali la elementi na ina elektroni nne za nje kama yeye, ila ni kubwa zaidi. Nguzo zake za p zikisimama jirani na atomi nyingine zinakuwa mbali mno, mbavu hazigusani sawasawa. Kaboni ikikutana na oksijeni mbili inajenga sigma mbili na pi mbili, kazi imekwisha, molekuli imejitosheleza na inaruka peke yake: kaboni dioksidi, gesi unayoitoa puani. Silikoni ikikutana na oksijeni haina njia ya pi, hivyo inashika oksijeni nne kwa sigma nne, na kila oksijeni inashika silikoni nyingine, bila mwisho. Gesi ile hata ukiigandisha hugeuka mvuke tena kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Silikoni dioksidi inataka tanuri la nyuzi joto zaidi ya 1,700 ili iyeyuke, nayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa mtoni.